Waja Leo, Waondoka Keshokutwa

Mzee aliyekuwa barazani Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani, alimaliza kikombe chake kwanza ndipo akanyanyuka kulikagua gari. Alilizunguka mara mbili. Akainama nyuma, akapapasa chini ya bampa pale ambapo bomba la moshi hukaa, akakuta patupu. Akarudi kwenye kahawa yake.

“Sasa hili, mwanangu,” aliniuliza, “likiishiwa njiani mnashuka kusukuma, au kuna pedeli?”

Baraza zima lilicheka. Tanga ni mji wa baiskeli na pedeli hapa haidharauliwi. Ila mzee alikuwa ameligusa swali lenyewe, lile ambalo kila anayenyemelea sedani ya umeme hulala nalo: likiishiwa njiani, je?

Tulikuwa tumetoka Dar es Salaam alfajiri, mimi na rafiki yangu mfanyabiashara ambaye kwao ni Muheza, kwenye sedani yake mpya ya umeme. Ameniomba nisitaje chapa ya gari lake, nami nimekubali. Nitakapotaja majina ya magari huko mbele, itakuwa ni kwa takwimu wanazotoa watengenezaji wenyewe, si kwa yaliyotupata sisi njiani.

Tanga ina jina la utani ambalo nchi nzima inalijua: waja leo, waondoka leo. Kila mtu hulitafsiri anavyopenda. Mimi safari hii nimeligeuza kipimo cha gari. Sedani inayouzwa kwa sifa ya kwenda mbali, ikitoka hapa asubuhi, inaweza kwenda inakokwenda na kurudi siku hiyohiyo bila kumwomba mtu umeme? Ikiweza, mnunuzi hana haja ya kujua kituo cha kuchaji kiko wapi. Isipoweza, ajue kwamba amenunua gari pamoja na wenyeji watakaompokea.

Tuanze na namba zinazoandikwa kwenye matangazo, maana ndizo zinazowapoteza wengi. Chukua BYD Seal, sedani ya Kichina iliyotoka mwaka 2022, yenye betri ya kilowati-saa 82.5. Kilowati-saa moja ndiyo ile uniti moja unayonunua kwenye LUKU, kwa hiyo lifikirie gari hilo kama ndoo ya uniti 82 na nusu. Toleo lake la kusukuma magurudumu ya nyuma, kwa vipimo vya China, linakwenda kilomita 700. Ukilisoma kwenye matangazo ya Thailand, ambako hutumika vipimo vya zamani vya Ulaya, ni 650. Kwa vipimo vipya vya Ulaya, vinavyoitwa WLTP, ni 570. Gari ni lilelile, betri ileile, na tofauti ni kilomita 130, ambazo ni karibu umbali wa kutoka Tanga hadi Mombo. Basi muuzaji akikutajia kilomita, swali la kwanza ni: kwa vipimo vya nani?

WLTP ndiyo ya kushika. Kwa kipimo hicho Tesla Model 3 ya masafa marefu, toleo lililofanyiwa ukarabati mwaka 2023, hupewa kilomita 629 ikiwa na gurudumu kubwa, na Hyundai Ioniq 6 yenye betri ya 77.4 na gurudumu dogo hupewa 614. Mimi namba hiyo huipunguza sehemu moja katika tano kwa ajili ya kiyoyozi, abiria, gunia la machungwa na mguu mzito. Halafu sihesabu asilimia 15 za mwisho, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili timamu anayetaka kuingia Mkata usiku na asilimia nne. Kwa hesabu hiyo, kilomita 570 za tangazo zinabaki kama 390 za kutembea kwa amani.

Sasa weka 390 juu ya ramani. Tanga hadi Dar kwa kupitia Segera na Chalinze ni kama kilomita 350. Kwenda peke yake kunatosha vizuri. Kwenda na kurudi ni 700, na hapo hakuna sedani ya bei ya kawaida itakayokurudisha. Inayokaribia ni Lucid Air ya Marekani, ambayo toleo lake la masafa marefu la 2022 lilipimwa maili 516, yaani kama kilomita 830, kwa vipimo vya kwao ambavyo ni vikali kuliko vya Ulaya. Nayo usukani wake uko kushoto.

Lakini usikate tamaa mapema. Mombasa, kwa kupitia Horohoro na Lunga Lunga, haifiki kilomita 200. Lushoto ni kama 170. Korogwe, Muheza na Handeni ziko ndani ya mkono. Kwa safari hizo jina la utani la mji linasimama, na gari linakwenda na kurudi bila kusalimia nyaya za watu. Dar ndiyo inayokataa, na bahati mbaya Dar ndiko watu wa Tanga wenye uwezo wa kununua gari la namna hii wanakokwenda kila wiki.

Safari yetu ilikwenda hivi. Betri ya gari letu ni ya uniti 80 hivi. Tuliondoka Mbezi na asilimia 100, kiyoyozi kimewashwa, watu wawili na mizigo. Chalinze tulisoma asilimia 82. Baada ya hapo barabara inakuwa na tabia moja inayowaudhi madereva wote isipokuwa wa gari la umeme: kila kijiji kina kibao cha hamsini, na baada ya kibao kuna trafiki na tochi yake chini ya mwembe. Lugoba, Msata, daraja jipya la Wami, Mkata, Kabuku, mwendo ni kupanda na kushuka kati ya hamsini na tisini. Upinzani wa hewa huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo, kwa hiyo gari linalokwenda 120 linapambana na upepo mara mbili na robo ya linalokwenda 80. Kwa maneno mengine, tochi ya trafiki ilikuwa inatuhifadhia chaji. Ni mara yangu ya kwanza kuishukuru.

Na kila ukiachia mguu unapokaribia kijiji, mota inageuka kuwa jenereta, gari linajipunguza lenyewe na betri inapata kidogo. Rafiki yangu hakugusa breki kwa kilomita nyingi. Segera tulifika na asilimia 42 baada ya kilomita 260. Tuliposimama Muheza kununua machungwa, kijana muuzaji alichungulia dirishani akauliza, “Kaka, limezima? Mbona mnaondoka halilii?” Ngamiani tuliingia na asilimia 25, mita ikisoma kilomita 335. Piga hesabu: uniti 60 kwa kilomita 335, karibu uniti 18 kwa kila kilomita 100. Namba hiyo iandike mahali, nitairudia kwenye pesa.

Kitu ambacho hakikunifurahisha ni matuta. Sedani za umeme zimebeba betri sakafuni, kwa hiyo ziko chini na ni nzito. Hiyo Seal niliyoitaja hapo juu ina nafasi ya milimita 120 tu kutoka chini, na uzito wa kilo 2,055 bila mtu. Gari letu si hilo, lakini ni la ukoo mmoja. Kwenye rasta ndogondogo linapita kama mfalme. Kwenye tuta lililojengwa na wanakijiji wenyewe baada ya ajali, tulipanda mshazari, gurudumu moja moja, huku tumeshika pumzi na bodaboda wakitupigia honi. Mara moja, kati ya Kabuku na Segera, tulisikia chini mlio mrefu wa chuma na zege, mlio ambao mwenye gari hausahau. Tulishuka kutazama. Ilikuwa ni bamba la kukinga betri, limekwaruzika urefu wa kiganja, hakuna zaidi. Ila kinachokaa nyuma ya bamba hilo ndicho kitu ghali kuliko vyote kwenye gari. Sampu ya Toyota Crown ikipasuka, fundi wa Chumbageni anaiziba kwa moto siku hiyohiyo.

Kwa hiyo kama maisha yako ni Maramba, au njia za mashamba ya mkonge, au ile barabara ya pwani ya kwenda Pangani, Saadani na Bagamoyo kabla haijakamilishwa lami yote na daraja la Mto Pangani la mita 525, sedani hii si yako. Tafuta la umeme lenye tumbo la juu, au endelea na ulilonalo.

Nikuambie sasa habari ya kuchaji, maana humu ndimo makala zote za magari ya umeme zinazoandikwa Ulaya zinamotuacha njiani. Wao huzungumzia vituo vya haraka. Seal, kwa mfano, ikichomekwa kwenye chaja ya haraka ya kilowati 150 hutoka asilimia 30 hadi 80 kwa dakika 26. Vizuri sana. Kati ya Chalinze na Tanga, kandokando ya barabara, mimi nimeona sheli, mahindi ya kuchoma, chungwa na mkaa. Chaja ya namna hiyo sikuiona. Kwa mtu wa Tanga, kituo cha kuchaji ni nyumba yake, na akisafiri ni nyumba ya mtu mwingine.

Nyumba ya mtu mwingine, safari hii, ilikuwa ya shemeji yangu. Alitupokea kwa samaki wa kupaka na hakuuliza mengi tulipopitisha waya dirishani. Soketi ya kawaida ya nyumbani, ile ya pini tatu, kwa chaja ya kubebwa inayokuja na gari hutoa kama kilowati 2.3. Usiku mzima wa saa kumi ni uniti 23, na mbili hivi zinapotea njiani kama joto. Tulitaka kurudisha uniti 60. Fanya hesabu mwenyewe: saa 29 za kuchomeka bila kuchomoa. Ndipo waja leo, waondoka leo ilipogeuka kuwa waja leo, waondoka keshokutwa.

Saa nane usiku shemeji aligonga mlango. LUKU imeisha. Alikuwa amenunua uniti zake za wiki nzima, gari likazinywa kabla ya adhana. Tulinunua nyingine kwa simu, tukaingiza tarakimu ishirini kwa mwanga wa simu hiyohiyo, tukarudi kulala. Asubuhi tukasikia harufu. Waya wa kurefushia, ule wa kukunja wenye soketi nne unaouzwa kila duka, ulikuwa umepata moto hadi plastiki karibu na pini imegeuka kahawia na kulainika kama kashata. Soketi ya ukutani ilikuwa nzima, waya wa kurefushia ndio uliozidiwa. Vifaa vya namna hiyo vimezoea pasi kwa dakika ishirini. Hili lilikuwa linavuta ampia kumi kwa saa saba mfululizo. Yeyote anayechaji gari kwa waya wa kurefushia anacheza na nyumba.

Kuna mtego mwingine kwenye LUKU ambao sijasikia muuzaji wa gari akiutaja. Wateja wengi wa majumbani wako kwenye daraja la bei nafuu la TANESCO, lile la matumizi madogo yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Hapo uniti ni Sh100, na ukiongeza kodi na tozo inakuwa Sh122. Ukivuka 75, kila uniti ya ziada ni Sh350 kabla ya kodi, yaani Sh427 mkononi. Na ukivuka kila mwezi huwezi kutegemea kubaki kwenye daraja hilo. Unahamia la kawaida, ambako uniti ni Sh292 kabla ya kodi, au Sh356 na senti kadhaa ukilipa. Kujaza betri ya 82.5 kutoka chini hadi juu, pamoja na kinachopotea, ni kama uniti 92. Maana yake jaza moja tu, mara moja kwa mwezi, inatosha kukutoa kwenye bei nafuu pamoja na friji, feni na taa zako. Si hoja ya kuacha gari, lakini iingie kwenye hesabu kabla bili haijakuingiza.

Dawa ya haya yote ni kufunga chaja ya ukutani. Ya kilowati 7 inafanya kazi kwa umeme wa njia moja, haihitaji njia tatu. Inavuta ampia 32, kwa hiyo inataka waya wake peke yake kutoka kwenye bodi, si chini ya milimita sita za mraba, swichi yake ya kujikata, na ethi ya kweli iliyofukiwa ardhini, si ile ya kwenye mchoro. Mkabidhi kazi fundi mwenye leseni ya EWURA, na waulize TANESCO kama laini ya mtaani kwako inahimili. Ukiwa nayo, uniti zetu 60 zinarudi kwa saa tisa na nusu, kwa makadirio tangu Isha hadi baada ya Alfajiri. Njia tatu na chaja ya kilowati 11 ni bora zaidi kama gari linaikubali, lakini wengi hawataihitaji. Anayepanga chumba Makorora na kuegesha gari barabarani hana pa kuifunga, na kwake mazungumzo yanaishia hapa.

Nimesema nitarudi kwenye pesa. Safari ile ya kilomita 335 ilikula uniti 67 pamoja na zilizopotea. Kwa Sh356 ni kama Sh24,000. Crown ya injini ya 2.5, ambayo mjini Tanga ni mavazi ya heshima, ikipata kilomita kumi kwa lita ingekunywa lita 33 na nusu. Bei ya petroli hubadilika kila mwezi EWURA ikitangaza bei kikomo, na Tanga ina jedwali lake kwa sababu mafuta yanashushwa pia bandarini hapa. Tuchukue Sh3,000 kwa lita kwa wepesi wa hesabu. Hiyo ni Sh100,500. Toyota IST inayokwenda kilomita 14 kwa lita ingetumia Sh72,000. Mtu wa kilomita 20,000 kwa mwaka, akitoka kwenye Crown kwenda kwenye umeme, anaokoa kama Sh milioni 4.6 za mafuta. Akitoka kwenye IST, chini kidogo ya milioni 2.9. Ongeza oili, plagi na filta ambazo hazipo tena, na breki zinazodumu muda mrefu. Toa matairi, maana uzito ule unayala, na saizi ya 235/45 yenye rimu ya inchi 19 huikuti kwa kila fundi wa Ngamiani. Magari mengi ya namna hii hayaji hata na tairi la akiba, yanakuja na chupa ya gundi na pampu. Tairi la akiba liweke kwenye bei tangu mwanzo.

Sasa linganisha akiba hiyo na bei. Seal ilipoingia Uingereza iliuzwa zaidi ya pauni 45,000, kabla hujaisafirisha na kabla TRA hawajaitazama. Crown iliyotumika, ya Kijapani, ni sehemu ndogo ya hapo. Akiba ya milioni nne na nusu kwa mwaka inachukua miaka mingi mno kuziba pengo la namna hiyo. Anayekuambia kwamba sedani mpya ya umeme inajilipa yenyewe kwa mafuta, muombe akuandikie hesabu kwa mkono.

Ndiyo maana wengi watatazama iliyotumika, na hapa macho yawe manne. Kuna mambo matatu ya kutazama kabla ya rangi. Kwanza mdomo wa kuchajia. Gari la Ulaya lina wake, la China lina wa kwake, na la Japani hutumia CHAdeMO kwa chaji ya haraka. Hata Seal zilizoanza kuuzwa Japani mwaka 2024 zina CHAdeMO. Ukinunua la Japani ukapata usukani wa kulia, umepata pia mdomo ambao kifaa chake lazima ukitafute kabla gari halijapanda meli. La soko la ndani la China lina usukani wa kushoto na skrini inayozungumza Kichina.

Pili, betri ni ya aina gani. Zile za chuma na fosfeti, LFP kwa kifupi chake, kama ya Seal, hazilalamiki kuchajiwa hadi asilimia 100 kila mara na huvumilia joto vizuri. Zile za nikeli hubeba umeme mwingi kwa uzito mdogo, lakini kwa matumizi ya kila siku inashauriwa ziishie asilimia 80. Kwa mtu wa kwenda Dar anayezihitaji asilimia zote mia, jibu ni la kwanza.

Tatu ni afya ya betri, na mfano mzuri ni gari ambalo si sedani wala halina masafa marefu, Nissan Leaf. Ilitoka mwaka 2010 na betri ya uniti 24, isiyo na mfumo wa maji wa kuipoza. Huko Arizona, Marekani, jua liliwafundisha wenye Leaf somo mapema kabisa, mwaka 2012, walipoanza kulalamika kwamba vijiti vya afya kwenye dashibodi vinapungua. Vijiti ni kumi na viwili. Kimoja kikiondoka ujue betri imeshapoteza kama asilimia 15. Leaf za bei poa zinazotangazwa kwenye simu leo nyingi zimeshafika huko. Kaskazi ikivuma, Januari hadi Machi, Tanga si Arizona lakini si friji pia. Gari ambalo betri yake haipozwi kwa maji, mimi pwani silichukui hata kwa zawadi. Sawa, kwa zawadi ningelichukua, lakini nisingelipeleka Korogwe.

Halafu kuna bahari. Wakazi wa Raskazone na Sahare wanajua chumvi inavyofanya geti la chuma. Betri zenyewe hufungwa zisiingie maji, na kupita kwenye dimbwi la masika hakuna tatizo. Maji ya chumvi kufika sakafuni ni habari nyingine: baada ya kimbunga Ian kule Florida mwaka 2022, magari ya umeme yaliyozamishwa na bahari yaliwaka moto yenyewe siku kadhaa baadaye. Wenye desturi ya kushusha gari ufukweni kufuata samaki wa mtumbwi wakati maji yamekupwa, waache desturi hiyo.

Na fundi? Mafundi wa Tanga hawana mpinzani kwa Toyota. Chini ya boneti ya umeme kuna nyaya nene za rangi ya chungwa, na rangi hiyo dunia nzima ina maana moja, umeme wa volti kubwa. Chungwa la Muheza linamenywa na yeyote. Hili halimenywi bila glovu maalumu na mtu aliyesomea. Shokapu, bushi na breki fundi wako atafanya kama kawaida. Likija suala la betri au mota, gari linapanda lori kwenda Dar. Muulize wakala wa bima mapema kama bima kubwa yake inafidia betri iliyogongwa kwa chini, na akubali kwa maandishi.

Nimelaumu sana, niseme lililonifurahisha. Siku ya kungoja chaji hatukukaa bure. Mchana, gari lilipofika asilimia hamsini na kitu, tulikwenda Mombo, tukapanda Soni, kisha tukarudi na kuchomeka tena. Kule juu ndiko nilikolielewa gari hili. Kutoka Mombo barabara inapanda kama mita elfu moja hadi Lushoto kwa kilomita 33, kona juu ya kona, korongo upande mmoja, lori la kabichi upande mwingine. Gari za petroli pale hupiga kelele gia ya pili. Hili lilipanda kimya kama mtu anayepanda ngazi msikitini. Kwa hesabu, kunyanyua tani mbili na ushee mita elfu moja ni kama uniti saba juu ya matumizi ya kawaida. Wakati wa kushuka mota inakuwa breki, na kiasi kizuri cha uniti hizo kinarudi. Tulipogeuza Soni kioo kilisoma asilimia 19, tumbo likaniuma kidogo. Tulipofika chini Mombo kilisoma 20. Waliowahi kunusa breki za basi zikiungua kwenye mteremko ule watanielewa kwa nini niliirudia namba hiyo mara tatu kwa sauti. Tulirudi Ngamiani polepole, kiyoyozi tumekizima kutoka Segera, hatuna la kuringia; tungeishia Pongwe kama tungekimbia. Shemeji alipoona tunavuta waya tena hakusema kitu, alikwenda kununua LUKU.

Umeme ukikatika, gari la namna hii nalo linaweza kulipa fadhila. Mengi ya sasa yana soketi ya kutolea umeme, kilowati mbili hadi tatu, inayotosha friji, feni na runinga kwa siku kadhaa. Kwa mwenye duka la samaki wa barafu, hiyo ni hoja nzito kuliko sekunde 5.9 za Seal kufika mwendo wa kilomita mia kwa saa.

Wenzetu wa ukanda huu wamekwenda mbele kwa njia tofauti. Ethiopia mwaka 2024 ilipiga marufuku kuingiza magari ya petroli na dizeli. Kenya mwaka 2023 iliweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri, nafuu zaidi usiku. Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kilitoa gari la umeme la viti viwili mwaka 2011 na sedani ya mseto, Kiira EV Smack, mwaka 2014. Sisi tuna treni ya umeme ya kwenda Dodoma na bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, ila umeme wa Rufiji kufika kaskazini unapotea sana njiani, hadi serikali mwaka 2025 ikaeleza mpango wa kununua mwingine kutoka Ethiopia kwa ajili ya mikoa hii. Na hii ndiyo Tanga ambayo maporomoko ya Pangani yalikuwa yakiwasha taa na kusaga mkonge enzi za mkoloni, na ambayo mitambo ya Hale, megawati 21, ilianza kuzunguka mwaka 1964. Tulipita Hale na asilimia 38. Ningependa sana kungekuwa na chaja pale, kwenye mlango wa mtambo. Hata moja. TANESCO wakilisoma hili, Segera au Hale panatosha. Mtu wa Dar angekunywa chai, akajaza, akarudi siku hiyohiyo.

Hukumu yangu, basi. Kama una nyumba yako yenye uwanja, unaweza kufunga chaja ya kilowati 7, shughuli zako ni Tanga, Muheza, Korogwe, Lushoto na Mombasa kwa lami, na una gari jingine la njia mbovu, sedani ya umeme yenye betri ya LFP isiyopungua uniti 80 itakufaa na utaipenda. Kama kila wiki uko Dar, nunua tu ikiwa na huko unakolala unaweza kufunga chaja ya pili, na usimtegemee shemeji. Kama ni gari lako pekee, subiri.

Mwite fundi umeme kabla hujamwita muuzaji. Mimi nimebaki na IST yangu. Nikimaliza kujenga Pongwe nitaulizia bei upya.